MWANI WA ZIWA TANGANYIKA (Sehemu ya 2): Utando wa sukari

Juma lililopita tuliona kwamba ndakala wakavu wanaopandishwa Kilembwe kutoka Baraka walikula vidudu vya majini, na vidudu hivyo vilikula mwani usioonekana kwa macho. Leo tuingie ndani ya seli ya mwani, kwenye kloroplasti, panaponaswa mwanga wa jua.

Humo mwanga hunaswa na tando nyembamba zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Tando za mwili wa binadamu hujengwa hasa kwa lipidi zenye fosforasi. Hizi za kijani ni tofauti: takriban robo tatu ya lipidi zake hubeba sukari iitwayo galaktosi.

Ujenzi huanza na kaboni. Vimeng'enya huziunga mbili mbili mpaka mnyororo wa asidi ya mafuta ufikishe kaboni 16 au 18. Minyororo miwili hushikizwa kwenye gliseroli. Kisha, kwenye ganda la kloroplasti, kimeng'enya kingine huongeza galaktosi moja. Baadhi ya lipidi hupewa ya pili.

Baadaye huja marekebisho. Vimeng'enya maalumu huondoa hidrojeni kwenye minyororo, nayo hupinda. Iliyopinda haishikamani sana, hivyo utando hubaki laini. Mnyororo mmojawapo unaopatikana hivyo, wenye kaboni 18, ni omega-3 ambayo miili yetu haiwezi kujitengenezea. Lazima tuile.

Kwa nini sukari? Kwa sababu lipidi za sukari hazihitaji fosforasi. Tanganyika ina kina cha mita 1470 hivi, na rutuba yake nyingi, fosforasi ikiwemo, imelala chini. Upepo wa kusini, kati ya Mei na Septemba, husaidia kuipandisha. Nje ya msimu huo, fosforasi kwenye maji ya juu huwa haba. Majaribio ya maabara kwa mwani wa Chlamydomonas yameonyesha kwamba fosforasi ikipungua, hata lipidi chache zenye fosforasi zilizobaki kwenye kloroplasti hupunguzwa, na lipidi ya salfa huchukua nafasi yake. Fosforasi iliyookolewa hubaki kwa ajili ya vinasaba, ambavyo haviwezi kujengwa bila hiyo.

Hata hivyo, kubana matumizi kuna mpaka. Ziwa likipata joto, maji ya juu na ya chini huchanganyika kwa shida, hivyo rutuba kidogo hupanda. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani wa Tanganyika huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Juma lijalo tutaanzia hapo.