Mjusi Mwenye Sumu Aliyewafaa Wagonjwa

Ndugu msomaji, je, wajua kwamba kati ya mijusi wa jangwani yuko mmoja ambaye sumu yake imewafaa wagonjwa wa kisukari? Huyo ni mjusi wa Gila, aliyepewa jina la mto wa Arizona, nchini Marekani. Makao yake ni majangwa ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo na kaskazini-magharibi mwa Meksiko.

Ni mnene, mzito wa mwendo, na urefu wake wapata nusu mita. Ngozi yake yafanana na shanga zilizoshonwa, nyeusi kwa rangi ya waridi au chungwa. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha shimoni, akilikimbia jua. Atokapo hutafuta mayai, makinda ya ndege na vitoto vya sungura. Akishiba, ziada huiweka mkiani kuwa mafuta; kwa hiyo milo michache tu kwa mwaka humtosha.

Sumu yake hutoka katika taya la chini. Akiuma haachii upesi, bali hutafuna ili sumu ipenye. Maumivu ni makali, ingawa ni nadra mtu kufa. Kwa miaka mingi watu walimwua kwa hofu, na wengine walimkamata wakamwuze, hata mwaka 1952 jimbo la Arizona likamlinda kwa sheria.

Miaka 40 hivi baadaye, daktari John Eng wa New York aligundua ndani ya sumu hiyo kitu kinachofanana na homoni ya binadamu ihimizayo kongosho kutoa insulini baada ya kula. Homoni yetu huvunjika kwa dakika chache. Ile ya mjusi hudumu zaidi. Wataalamu wakaiiga katika maabara, na mwaka 2005 Marekani ikaidhinisha dawa ya eksenatidi kwa kisukari cha aina ya pili.

Zingatia, msomaji: dawa hiyo hutengenezwa kiwandani, hakamuliwi mjusi. Asitokee mtu kukuuzia mafuta ya kenge akidai yaponya kisukari. Mgonjwa na aende hospitali. Nao watoto wakimwona mjusi ukutani wakaokota mawe, waulize kwanza kosa lake ni nini. Laiti mjusi wa Gila angalimalizwa mapema, nani angalijua kilichokuwamo kinywani mwake?