Hayley Wickenheiser: Kipaji ni Amana kwa Ajili ya Wengine

Michezo ni shule ya maisha. Humfunza kijana nidhamu, uvumilivu na heshima kwa mpinzani. Hata hivyo, swali moja la msingi hubaki: mwanamichezo aliyefika kileleni anautumiaje umaarufu wake? Maisha ya Hayley Wickenheiser wa Canada, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, yanatoa jibu linalostahili kutafakariwa.

Katika mchezo huu, wachezaji sita wa kila timu, akiwemo mlinda mlango, huteleza juu ya barafu wakiwa na viatu vyenye makali ya chuma, wakiwania kupeleka kisahani kigumu cha mpira langoni mwa wapinzani. Ni mchezo wa kasi na nguvu, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni wa wanaume peke yao.

Wickenheiser alizaliwa tarehe 12 Agosti 1978 huko Shaunavon, mji mdogo katika Jimbo la Saskatchewan. Utotoni alicheza pamoja na wavulana. Akiwa na umri wa miaka 15 tu aliitwa katika timu ya taifa, akaitumikia kwa zaidi ya miongo miwili, hadi alipostaafu mwezi Januari 2017.

Safari hiyo haikukosa machozi. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, mchezo huu kwa upande wa wanawake ulipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, Canada ilifungwa na Marekani mabao 3-1 katika fainali. Wachezaji hawakukata tamaa. Mwaka 2002 huko Salt Lake City waliwashinda Wamarekani hao hao mabao 3-2, naye Wickenheiser akatangazwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Dhahabu nyingine zilifuata mwaka 2006, 2010 na 2014. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2003, alijiunga na timu ya wanaume nchini Finland, akawa mwanamke wa kwanza kufunga bao katika ligi ya kulipwa ya wanaume.

Lakini thamani ya mtu haipimwi kwa medali peke yake. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, Wickenheiser ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote. Mwaka 2014 wanamichezo wenzake walimchagua kuwawakilisha katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dhamana hiyo ilikuja kupimwa mwezi Machi 2020. Janga la UVIKO-19 lilikuwa likienea kwa kasi, na bado viongozi wa Kamati walishikilia kwamba michezo ya Tokyo ingefanyika mwezi Julai kama ilivyopangwa.

Wakati huo Wickenheiser alikuwa mwanafunzi wa udaktari, naye alikuwa ameona kwa macho yake hali ya vyumba vya dharura hospitalini. Tarehe 17 Machi alitamka hadharani kwamba janga hilo lilikuwa kubwa kuliko Olimpiki, na kwamba msimamo wa Kamati haukujali hali ya wanadamu. Haikuwa rahisi kupingana na chombo ambacho yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Wengine nao walipaza sauti. Tarehe 22 Machi Canada ilitangaza kwamba haitapeleka wanamichezo wake, na siku mbili baadaye michezo ikaahirishwa hadi mwaka 2021.

Mwaka huo wa 2021 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Calgary, akiwa na umri wa miaka 42. Aliyezoea kushangiliwa na maelfu ya watu alikubali kuwa mwanafunzi tena, akijifunza namna ya kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja.

Wazazi, walimu na walezi wa vijana wanalo la kujifunza hapa. Tunapomfundisha mtoto kushinda, tumfundishe pia kwamba kipaji alichokabidhiwa ni amana. Siku moja makofi hunyamaza. Kinachobaki ni dhamiri iliyozoezwa kusema ukweli, na mikono iliyo tayari kuhudumia.