Denmark: Walikopiga Kura kwa Vichwa, Si kwa Ng'ombe

Vikundi vyetu vingi vya maziwa na vya kuweka akiba vina kanuni moja: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye hisa mia na mwenye hisa mbili wote huinua mkono mmoja tu. Lakini kila mwaka, wakati wa uchaguzi wa kamati, swali lile lile hurudi: kwa nini aliyeleta pesa nyingi asiwe na sauti kubwa zaidi? Ni swali la haki, na limevunja vikundi. Basi katika toleo hili tunaiangalia Denmark, nchi ya Ulaya ambayo wakulima wake wadogo walilijibu swali hilo kwa maziwa, na jibu lao likabadilisha nchi nzima.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Denmark iko kaskazini mwa Ulaya. Ina kilomita za mraba karibu 43,000 na watu wapatao milioni 6, maana yake Kenya inaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara kumi na tatu. Sehemu kubwa ni rasi ya Jutland, iliyopakana na Ujerumani upande wa kusini. Kilichobaki ni visiwa, zaidi ya 400, na mji mkuu, Copenhagen, uko kwenye kisiwa. Milima hakuna kabisa. Kilima chao kirefu kuliko vyote kina mita 171 tu, na sisi wa huku tungekiita mteremko. Hawana dhahabu wala makaa ya mawe ya maana, na mafuta ya baharini walianza kuyachimba mwaka 1972.

Zamani walikuwa wakubwa. Mabaharia wao waliogopwa pwani zote za Ulaya, na mwaka 1397 Denmark, Norwe na Uswidi ziliunganishwa chini ya taji moja, kazi iliyofanywa na mwanamke, Malkia Margrethe wa Kwanza. Tusiwapambe, lakini. Wadenmark pia walifanya biashara ya watumwa. Walikuwa na ngome huko Accra, na mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi ambako Waafrika walitumikishwa hadi mwaka 1848, walipoinuka wenyewe na kudai uhuru. Visiwa hivyo viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25.

Hata mkulima wa Denmark mwenyewe hakuwa huru. Kuanzia mwaka 1733, mwanamume wa kijijini alifungwa kisheria kwenye shamba la bwana alikozaliwa. Hakuweza kuhama bila ruhusa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1788, na polepole wakulima wakaanza kununua mashamba yao. Mwaka 1814 ikaja sheria ya kila mtoto kusoma, mvulana na msichana. Kumbukeni tarehe hizi mbili, maana bila ardhi na bila kujua kusoma, mambo ya maziwa yasingewezekana.

Wakati huo nchi ilikuwa inaporomoka. Waingereza waliupiga mji wa Copenhagen kwa mizinga mwaka 1807, serikali ikafilisika mwaka 1813, na mwaka uliofuata ikapoteza Norwe. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1864. Prussia na Austria ziliwashinda vitani zikachukua wilaya za kusini, yaani karibu theluthi moja ya ardhi waliyokuwa nayo. Kabla kidonda hakijapona, katika miaka ya 1870, nafaka ya bei rahisi kutoka Amerika na Urusi ilijaa kwenye masoko ya Ulaya. Mkulima wa Denmark aliyeuza ngano na shayiri akajikuta hana bei. Nchi nyingine ziliweka ushuru kuizuia nafaka hiyo. Wadenmark waliinunua, wakawalisha ng'ombe na nguruwe, wakauza siagi na nyama.

Rahisi kusema. Siagi nzuri ilitoka kwa mabwana wenye mashamba makubwa na vyumba vya baridi. Mkulima wa ng'ombe watatu au wanne alitengeneza siagi jikoni, kila nyumba kwa namna yake, na mfanyabiashara aliichanganya yote na kuinunua kwa bei ya chini. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ikatokea mashine ya kuzungusha maziwa na kutenga krimu haraka. Ilikuwa ghali, na mtu mmoja mwenye ng'ombe wanne asingeiweza. Hapo ndipo mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding huko magharibi mwa Jutland, mahali pa udongo maskini, majirani walipounda kiwanda chao cha ushirika.

Hebu tueleze kilivyofanya kazi, maana hapa ndipo kuna chakula. Pesa za kuanzia waliazima. Wanachama waliweka sahihi kwamba wote kwa pamoja watalipa deni: mmoja akishindwa, wengine wanabeba. Kila mmoja alifungwa na mkataba kwa miaka kadhaa kuleta maziwa yake yote kiwandani, isipokuwa ya kunywa nyumbani. Hakuna kupeleka kwa mnunuzi wa barabarani siku bei ikipanda. Gari la farasi lilipita asubuhi kukusanya mikebe, na maziwa yaliyotolewa krimu yalirudi kwa mkulima, akawapa nguruwe. Faida iligawanywa kulingana na maziwa ambayo kila mmoja ameleta. Aliyeleta mengi alipata nyingi, na hiyo ndiyo haki yake.

Lakini kwenye mkutano mambo yalikuwa mengine. Kanuni ya kura moja kwa kila mwanachama walikuwa wameitumia wafumaji wa nguo wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844. Mwaka 1866 kasisi mmoja wa Kilutheri, Hans Christian Sonne, alianzisha duka la namna hiyo katika mji wa Thisted. Viwanda vya maziwa vikaichukua kanuni, na Wadenmark wana msemo wao kuihusu: kura huhesabiwa kwa vichwa vya watu, si vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe arobaini na mwenye ng'ombe wawili walikuwa sawa. Jibu la swali letu la mwanzo liko hapo. Pesa ilipata malipo yake kwenye bei ya maziwa. Kura ilikuwa ya mtu. Na mwenye ng'ombe arobaini hakukimbia, kwa sababu mashine haikuweza kujaa bila maziwa ya wale wadogo.

Vipi kuhusu ujanja? Ulikuwako. Wapo waliotia maji. Baadaye kidogo mtaalamu wao, N. J. Fjord, alibuni chombo cha kupima mafuta ndani ya maziwa ya kila mtu, na malipo yakaanza kufuata mafuta badala ya uzito. Maji yakakosa faida.

Kufika mwaka 1900 viwanda vya ushirika vilikuwa zaidi ya elfu moja. Nguruwe nao walifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mpaka kwa nguruwe hai kutoka Denmark, na mwaka huo huo wakulima wakafungua kichinjio chao cha kwanza katika mji wa Horsens, wakiuza nyama ya chumvi Uingereza. Sheria maalum ya vyama vya ushirika hawakuwa nayo, na mpaka leo hawana sheria moja ya jumla. Huku kwetu sheria na afisa wa ushirika hutangulia, wanachama wakafuata nyuma. Kule walitangulia majirani.

Walitoa wapi ujasiri huo? Wengi hutaja shule. Mchungaji N. F. S. Grundtvig alifundisha kwamba mwana wa mkulima anahitaji elimu ya kumwamsha kabla ya elimu ya cheti. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Vijana walikaa bweni wakati wa baridi, wakisikiliza historia, wakiimba, wakijadiliana. Wasichana kwa kawaida walikuja kiangazi. Mtihani haukuwako. Mtu akitoka hapo alijua kusimama mbele za watu na kusema, na pia kunyamaza mwenzake akisema.

Jambo moja halitupendezi. Siagi ilikuwa kazi ya akina mama nyumbani, na ilipohamia kiwandani, meneja akawa mwanamume, na jina kwenye kitabu cha wanachama kwa kawaida likawa la mume. Kura ya bunge wanawake waliipata mwaka 1915.

Tukifika kwenye serikali: utawala wa mfalme asiyepingwa uliisha kwa katiba ya tarehe 5 Juni 1849. Leo mfalme ni Frederik wa Kumi, aliyepokea kiti tarehe 14 Januari 2024 mama yake, Margrethe wa Pili, alipojiuzulu baada ya miaka 52. Yeye hatawali, anayetawala ni waziri mkuu anayevumiliwa na bunge. Tangu katiba ya mwaka 1953 bunge ni moja, lenye viti 179, viwili kati yake vya visiwa vya Faroe na viwili vya Greenland, ambazo zina serikali zao za ndani. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna chama kimoja kilichopata wingi peke yake, kwa hiyo lazima wakae chini wasikizane. Mwaka 1973 waliingia katika jumuiya ya nchi za Ulaya, lakini mwaka 2000 wananchi walikataa kwa kura sarafu ya yuro, wakabaki na krone yao.

Uchumi wao sasa ni dawa, hasa insulini, ni meli, ni umeme wa upepo unaotoa zaidi ya nusu ya umeme wao, na bado ni nguruwe, ambao ni wengi kuliko watu. Kodi ni nzito. Ushuru wa bidhaa peke yake ni asilimia 25. Hospitali na chuo kikuu mwananchi halipii mlangoni.

Na vile viwanda elfu moja? Viliungana na kuungana tena. Mwaka 2000 ushirika mkubwa wa Denmark ulijiunga na wa Uswidi, ikawa Arla, mali ya wakulima wa nchi kadhaa. Wakulima wenyewe wamepungua sana, na mashamba yao yamekuwa makubwa. Siku hizi mwanachama huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaoketi mkutanoni na kupiga kura kwa niaba yake. Kiwanda cha Hjedding bado kimesimama, lakini maziwa hayaletwi tena: ni jumba la makumbusho.