Sabuni ya dukani na siri ya chembe za metali

MFANYABIASHARA anayeshusha mawese ya Rumonge hapa Bujumbura, au anayeleta sabuni ya mche kutoka Kigoma, anajua kwamba maji na mafuta havipatani mpaka sabuni iingie kati. Upatanishi huohuo ndio wanaoutumia wanasayansi kutengeneza chembe za metali zisizoonekana kwa macho.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Unapofua, mikia hulizunguka tone la grisi na maji hulichukua. Maji yakiwa kidogo ndani ya mafuta mengi, mambo hugeuka: vichwa hutazama ndani, na kila tone la maji hufungiwa katika kifuko chake. Wataalamu hukiita miseli geuzi.

Sasa tuseme maji hayo yana chumvi ya shaba. Ukitia kemikali ya kuirudisha chumvi kuwa metali, vifuko hugongana, hubadilishana vilivyomo, na shaba hukua katika nafasi hiyo finyu. Sabuni moja inayotumika sana katika kazi hii ni dokusati, ambayo kwenye maduka ya dawa huuzwa kama dawa ya kulainisha choo. Kwa molekuli 10 za maji kwa kila molekuli ya dokusati, tone huwa na upana wa nanomita 3 hivi. Ukiongeza maji, tone hupanuka. Mwaka 1982 Magali Boutonnet na wenzake walichapisha utafiti wa kutengeneza chembe za platini na metali nyingine kwa njia hii.

Faida yake ni nini? Ukubwa hubadili tabia. Dhahabu ikiwa chembe za makumi ya nanomita huwa nyekundu. Ndiyo mistari myekundu ya vipimo vingi vya haraka vya malaria, ingawa chembe hizo kwa kawaida hutengenezwa ndani ya maji bila mafuta.

Na kwa nini tuyaeleze haya kwa Kiswahili? Sisi tuliosomea shule za msingi za Tanzania, Ulyankulu na kwingineko, tulirudi tukakuta sayansi inafundishwa kwa Kifaransa. Mtoto aliyerudi hunyamaza darasani, akadhaniwa mzito. Mzazi, mtoto akikuuliza sabuni hufanyaje kazi, mweleze kwa lugha mnayoelewana: kichwa na mkia, maji na mafuta. Akishalielewa jambo, neno la Kifaransa atalijifunza.