Maziwa ya Moto na Majina Elfu Tano

Mnamo mwaka 1963, katika skuli ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto kwenye milima ya Usambara, vijana walikuwa na ada ya kujitengenezea aiskrimu: hununua maziwa kwa akina mama wa jirani, huyachemsha, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu ambalo nafasi yake ilikuwa haba na wenye kuitaka wengi. Siku moja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimwona mwenziwe akiyamimina maziwa yake bila ya kuyachemsha ili asikose trei. Naye, akijua kwamba akingoja yake yapoe hatakuta pa kuyaweka, akayatia yangali ya moto, liwalo na liwe. Waliporejea baada ya saa moja na nusu, ya moto yalikuwa yamekwisha kuganda, na yale ya mwenziwe yangali mazito kama uji. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kisa hiki wengi wamekisikia, nami sikileti hapa kwa ajili ya barafu, ambayo wanafizikia wangali wakiitetea na kuikanusha, bali kwa ajili ya majina. Miaka michache baadaye Mpemba, akiwa sasa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, alisimama mbele ya Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, akamwuliza suala lile lile, na wenziwe wakamcheka. Profesa hakucheka, alikwenda akalipima. Mwaka 1969 jarida la Kiingereza liitwalo Physics Education likachapa makala yao, na juu yake jina la kwanza lilikuwa la Mpemba, la Osborne likafuata. Tena sehemu ya mwanzo ilisimuliwa na kijana mwenyewe, kwa nafsi yake, ndipo profesa akaishika kalamu.

Kwa msomaji wa kawaida mpango huo wa majina mawili si kitu. Lakini miongoni mwa wanavyuoni mpango wa majina ni lugha kamili, na kila fani ina lahaja yake, hata mtu wa fani moja aweza kusoma karatasi ya fani nyingine akafahamu kinyume kabisa cha ilivyokusudiwa. Katika maabara za udaktari na elimu ya viumbe, jina la kwanza aghalabu ni la yule aliyefanya kazi kwa mikono yake, na la mwisho ni la mkuu wa maabara, ambaye hapo mwisho ndipo penye kiti chake cha enzi. Katika hisabati majina hupangwa kwa abjadi tu, basi Abdallah hutangulia na Zuberi hukaa nyuma umri wake wote, wala hapana aliyemtukuza huyu au kumdhalilisha yule. Sasa mkalishe daktari katika kamati ya kumpandisha cheo mwanahisabati, asiambiwe desturi hiyo, uone atakavyomtukuza Zuberi kwa heshima ambayo mwenyewe hakuidai.

Na idadi nayo ina mambo yake. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa CERN, maabara iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yalitoa kwa pamoja makala juu ya uzito wa chembe ya Higgs. Makala hiyo ilikuwa na kurasa 33, nazo kurasa 9 tu ndizo zilizoeleza utafiti, na 24 zilizobaki zilikuwa orodha ya waandishi 5,154 na vyuo vyao. Ni dhahiri kwamba watu elfu tano hawakushika kalamu moja. Wengine walijenga mitambo, wengine waliichunga usiku, wengine walichambua hesabu, na watu wa fani hiyo wameamua kwamba hao wote ndio mwandishi. Miaka arubaini kabla yake, katika fani hiyo hiyo ya fizikia, Jack Hetherington wa Michigan aliandika makala peke yake, lakini kote humo akasema “sisi”. Mwenzake alipomtanabahisha kwamba jarida halitaikubali “sisi” ya mtu mmoja, naye akaona uvivu wa kuipiga chapa upya karatasi nzima kwa taipureta, aliongeza mwandishi wa pili, F. D. C. Willard, ambaye alikuwa paka wake. Makala ikachapwa mwaka 1975. Mimi simlaumu, aliyepata kupiga taipureta ataelewa.

Upande wetu wa fasihi na desturi haukuwa na mzaha huo, lakini ulikuwa na madhila yake. Mwaka 1903 Carl Velten, Mjerumani, alitoa kitabu cha desturi za Waswahili, kimojawapo cha vitabu vyenye manufaa makubwa kuliko vyote katika nathari ya lugha yetu. Jina lililokaa juu ni la Velten, mkusanyaji. Ilhali mtu aliyeandika sehemu iliyo kubwa, kwa Kiswahili chake mwenyewe, alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927. Ilikuwa hata 1981, katika tarjama ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipopanda kwenye anwani ya kitabu. Kwa mizani ya wanafizikia wa CERN angalikuwa mwandishi tangu siku ya kwanza. Kwa desturi ya wataalamu wa lugha wa zama zile, alikuwa chemchemi tu, na chemchemi haiandikwi jina.

Hapa ndipo linapoingia suala la pili, la kutaja ulikochota. Watu wa pwani hawakungoja vyuo vya Ulaya kuwafundisha adabu hii, kwani kila aliyepata kukaa barazani mbele ya shehe akisomesha hadithi aijua isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata silsila ikafika kwa Mtume, na mnyororo huo hupimwa kiungo kwa kiungo, nani mkweli, nani msahaulifu, nani hakukutana kabisa na yule anayedai kumsikia. Tanbihi ya mwanahistoria ni nduguye isnadi, ila zatofautiana kwa jambo moja: isnadi yakutaka umwamini mtu, tanbihi yakupa kitabu na ukurasa ili ukaone kwa macho yako. Ndiyo maana wale waliotaka kuandika historia ya watu wasio na maandishi walipata taabu ya kukubaliwa, mpaka Mbelgiji Jan Vansina, aliyefanya kazi miongoni mwa Wakuba wa Kongo, alipotoa kitabu mwaka 1961 kuonyesha kwamba mapokeo ya mdomo nayo yana njia ya kupimwa. Nao wanaochunguza maisha ya watu walio hai hulificha jina la aliyewaambia, kwa kumhifadhi. Katika fani hiyo kutokutaja ndiyo adabu.

Kisha wakaja wahesabuji. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kuchapa faharasa ya makala za sayansi ionyeshayo ipi imetajwa na ipi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaleta kipimo ambacho kwacho mtu mwenye 10 ni yule mwenye makala 10 zilizotajwa kila moja si chini ya mara 10. Vipimo hivi vina faida, lakini havina masikio. Makala iliyotajwa kuliko zote, ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, imepita mara 300,000, nayo yaeleza namna ya kupima protini katika maji. Hutajwa kama fundi ataja nyundo yake. Nao Burridge na Linden wa Uingereza, walioandika mwaka 2016 kwamba hawaoni ithibati ya kutosha katika madai ya Mpemba, walipomtaja ili kumpinga, walimwongezea hesabu sawasawa na aliyemtaja kumsifu.

Tuirudie basi ile karatasi ya 1969. Humo Mpemba asimulia kwamba, baada ya kukatishwa tamaa na mwalimu, alikutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye rafiki huyo akamwambia kwamba hutumia maji ya moto kwa kuwa huganda upesi. Na wauzaji wengine wa Tanga walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Osborne naye asimulia kwamba huko Dar es Salaam kipimo cha kwanza kilifanywa na fundi wa maabara, aliyerejea akasema kwamba ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini atazidi kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Katika simulizi hizo yule ni rafiki, huyu ni fundi. Na wale wauzaji waliendelea kutia maji ya moto.