UFAFANUZI: MSICHANA ALIYEJIFUNGUA NA HAKI YA KURUDI SKULI

Kwa muda mrefu sasa, mabarazani na katika mikutano ya wazee wa wanafunzi, Unguja na Pemba, kumekuwa na mabishano kuhusu mtoto wa kike anayepata ujauzito akiwa bado anasoma. Wapo wasemao kuwa kumrudisha darasani ni kuhalalisha zinaa. Wapo wasemao kuwa kumfukuza ni kumwadhibu mmoja kwa kosa la wawili. Ni vyema wananchi na watumishi wakauelewa msingi wa jambo hili.

Chini ya sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiye na mume aliyepata ujauzito aliweza kufungwa gerezani. Sheria ya Kuwalinda Wari, Namba 4 ya mwaka 2005, iliondoa kifungo hicho na badala yake ikaweka adhabu ya kuitumikia jamii. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikatoa nafasi kwa msichana aliyejifungua kuendelea na masomo. Kwa upande wa Tanzania Bara, ruhusa kama hiyo ilitangazwa tarehe 24 Novemba, 2021.

Ifahamike kuwa kurudi skuli si zawadi, wala hakubadilishi hukumu ya dini juu ya zinaa. Msichana huyo amekwisha kubeba mimba, uchungu na malezi. Akinyimwa elimu, adhabu humfikia pia mtoto wake, ambaye hana kosa. Aidha, mvulana aliyeshirikiana naye huweza kubaki darasani bila ya kuulizwa. Hapa ndipo mafunzo ya jinsia yanapohusika: maumbile ya mke na mume yametoka kwa Muumba, lakini desturi ya kumwachia mmoja aibu yote imewekwa na watu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Mtu mzima aliyempa mimba mtoto ametenda jinai, na shauri hilo halimalizwi kwa sulhu ya majumbani wala kwa muhali.

Hivyo basi, walimu wakuu, masheha na wazee wanaombwa kushirikiana ili msichana wa namna hiyo asipotee kimya kimya. Mwenye shaka na aifikishe kwa Kamati ya Skuli kabla ya kumwondoa mtoto masomoni.