Shule Haikuzaliwa Kilimani

Mwezi huu tunaongelea majengo, maana wazazi wengi mnatuuliza: watoto wetu watasomea chini ya turubai mpaka lini?

Ukitoka Jinja kuelekea Iganga, karibu na mashamba ya miwa ya Kakira, utaona kilima cha Mwiri. Huko juu iko Busoga College Mwiri, shule ya Kianglikana. Milton Obote, aliyekuwa waziri mkuu Uganda ilipopata uhuru 1962, alisoma hapo. Ukiiona utafikiri ilizaliwa kilimani. Wapi! Ilianza Kamuli mwaka 1911, ikiwa shule ya watoto wa machifu, ikahamia Mwiri 1933. Hesabu mwenyewe: miaka 22.

Kwa nini kilimani? Maji ya mvua hayatuami, na upepo wa Ziwa Victoria unafika.

Kuhusu kuta na paa, wamisionari wale walifundishwa na hasara. Kule Namirembe, Kampala, kanisa lao liliangushwa na dhoruba 1894. Lililofuata likaliwa na mchwa. Basi wakajenga la matofali ya kuchoma, lakini wakaliezeka kwa nyasi. Mwaka 1910 radi ikaliunguza.

Ndiyo maana baadaye shule za misheni zilijengwa kwa matofali, zikaezekwa vigae au mabati. Misheni hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha Nabumali High School, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo. Kwa kawaida majengo ya zama zile yalikuwa na kuta nene, ambazo hazipati joto haraka, na madirisha yanayotazamana ili hewa ipite. Tena yalikuwa na baraza ndefu. Msidhani baraza ni pambo: inakinga ukuta na jua na mvua, na mtoto anapata pa kusimama bila kulowa.

Sisi hapa kambini hatuna vigae. Lakini kuchagua mahali palipoinuka, kuchimba mfereji, kuacha nafasi za hewa pande mbili na kurefusha paa litoe kivuli, hayo tunaweza. Turubai si aibu. Mwiri nayo ilikaa miaka mingi kabla ya kupata kilima chake, na masomo yaliendelea.

Kwa hiyo wazazi, kamati ikiwaita kujenga darasa, kabla ya kuchimba msingi ulizeni: maji yatapita wapi, na jua la saa nane litapiga upande gani?